Mkanda wa Kalule na Swali la Katumba

Tarehe 19 Desemba 1985, mjini Ancona katika pwani ya mashariki ya Italia, mabondia wawili walipanda ulingoni kugombea ubingwa wa Ulaya wa uzito wa kati. Bingwa mtetezi, Ayub Kalule, alipigana kwa jina la Denmark. Mpinzani wake, Sumbu Kalambay, alipigana kwa jina la Italia tena mbele ya mashabiki wake. Zilipigwa raundi 12. Majaji hawakuafikiana wote, lakini walio wengi walimpa Kalule, na mkanda ukarudi Copenhagen. Kalule alizaliwa Kampala. Kalambay alizaliwa Lubumbashi. Ubingwa wa Ulaya uligombewa na wana wawili wa Afrika, na katika orodha za mabingwa mwaka ule umeandikwa kwa jina la Denmark.

Nchi gani ilistahili sifa? Mashabiki wa ngumi hubishana juu ya jambo hili kila bondia anapotwaa mkanda mbali na alikozaliwa, na mara nyingi ubishi huishia kwenye bendera iliyoshonwa kwenye bukta. Mimi naliuliza nikiifikiria Katumba, makazi yaliyo jirani na Mpanda, katika Halmashauri ya Nsimbo mkoani Katavi. Huko, suala la mtu ni wa nchi gani liliamua kwa zaidi ya miaka 40 nani asafiri, nani apige kura, nani aivae jezi ya taifa. Tutafika Katumba. Kwanza tumfuate Kalule tangu mwanzo, maana safari yake imeacha miaka na miji ambayo mtu anaweza kuishika mkononi.

Alizaliwa mwaka 1954. Kampala aliyokulia ilikuwa na wazimu wa masumbwi. Polisi walikuwa na klabu yao, magereza yao, jeshi lao, na mitaa nayo ilikuwa na vijana wake waliofanya mazoezi kwenye kumbi za jamii. Timu ya taifa iliitwa Bombers, na miongoni mwa walioinoa alikuwa kocha Grace Seruwagi. Hawa hawakuwa watu wa kubahatisha. Katika Olimpiki ya Mexico ya 1968, Eridadi Mukwanga alipata medali ya fedha na Leo Rwabwogo ya shaba. Miaka minne baadaye, Munich, Rwabwogo akapanda hadi fedha. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh mwaka 1970, Mohamed Muruli aliondoka na dhahabu.

Tanzania nayo ilikuwepo Edinburgh. Titus Simba alifika fainali ya uzito wa kati na kupata fedha, baada ya kushindwa na kijana wa Liverpool aliyeitwa John Conteh, ambaye mwaka 1974 alikuja kuwa bingwa wa dunia wa ngumi za kulipwa. Baba yake Conteh alitoka Sierra Leone. Sijawahi kusikia mtu akiidai dhahabu ile kwa niaba ya Sierra Leone, na ni haki. Conteh alizaliwa Liverpool, akafundishwa Liverpool, na Uingereza ilimchukulia kuwa mtoto wake tangu hajajulikana. Asili ya mzazi haipigi gunia la mchanga alfajiri.

Kalule alitumia mkono wa kushoto, na hapo ndipo kazi ya mwalimu inapoonekana. Bondia wa namna hiyo husimama mguu wa kulia ukiwa mbele, basi kila akikutana na bondia wa kawaida miguu yao ya mbele hugongana. Mwalimu hana budi kumfundisha kuuweka mguu wake wa kulia nje ya mguu wa kushoto wa mpinzani, hatua ndogo tu ya pembeni, ili konde la kushoto lipate njia iliyonyooka na yeye mwenyewe atoke kwenye mstari wa konde la kulia la mwenzake. Mguu ukikaa ndani, anapigwa. Hatua hiyo hurudiwa maelfu ya mara, kwa kuruka kamba, kwa kuzunguka gunia, kwa kupigana na wenzake wa klabu wenye urefu na kasi tofauti, mpaka mwili uifanye bila kuulizwa. Haijifunzwi kwa mwezi mmoja, wala bondia mzima hainunui akishafika ugenini.

Mwaka 1974 ulikuwa mwaka wa mavuno. Mwanzoni mwa mwaka, huko Christchurch, New Zealand, Kalule alitwaa dhahabu ya Jumuiya ya Madola katika uzito wa kilo 60. Agosti mwaka huohuo yalifanyika mashindano ya kwanza kabisa ya ubingwa wa dunia wa ngumi za ridhaa, mjini Havana. Anayetaka kujua uzito wa mashindano yale aangalie walioshinda: Teófilo Stevenson wa Cuba, Mate Parlov wa Yugoslavia, Wilfredo Gómez wa Puerto Rico, Howard Davis wa Marekani. Katika orodha hiyo, kwenye uzito wa kilo 63 na nusu, limeandikwa jina la Ayub Kalule wa Uganda. Alikuwa na miaka 20. Alifika huko akiwa zao la klabu za Kampala na makocha wa Kampala, kwa gharama ya nchi maskini iliyokuwa chini ya utawala wa Idi Amin, mtawala aliyewahi mwenyewe kuwa bingwa wa ngumi alipokuwa askari wa King's African Rifles. Taji la Havana ni la Uganda kuanzia ukucha hadi unywele, wala sioni wa kubisha.

Baada ya hapo Uganda haikuwa na mahali pa kumpeleka. Kulipokuwa na ngumi za kulipwa ndipo kulipokuwa na mapromota, kumbi za kulipia, televisheni na benki zilizofanya kazi, na Kampala ya katikati ya miaka ya 1970 haikuwa na vitu hivyo. Mwaka 1976 Kalule alikwenda Denmark kuanza ngumi za kulipwa chini ya promota Mogens Palle. Julai mwaka huo nchi zaidi ya 20 za Afrika, Uganda na Tanzania zikiwamo, zilisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu ya ziara ya raga ya New Zealand kule Afrika Kusini ya makaburu. Watanzania tunaukumbuka mgomo ule kwa kukosekana kwa Filbert Bayi mbioni. Hata kama Kalule angebaki kwenye ridhaa, mlango wa medali ya Olimpiki ulikuwa umefungwa.

Denmark haikuwa imetokea tu. Sweden ilikuwa imepiga marufuku ngumi za kulipwa tangu 1970, na Norway ilifuata mwanzoni mwa miaka ya 1980. Copenhagen ikawa mji wa Skandinavia ambako bondia wa kulipwa aliweza kujaza ukumbi kihalali. Palle alijua kupanga mapambano kwa mpangilio, wapinzani wakipanda daraja kidogokidogo, na alikuwa na pesa ya kumleta mpinzani nyumbani kwa Kalule badala ya kumpeleka Kalule ugenini. Mwaka 1978 Kalule aliutwaa ubingwa wa Jumuiya ya Madola wa uzito wa kati, akimshinda Alipate Korovou, mzaliwa wa Fiji aliyekuwa akipigana Australia. Msomaji autazame mkanda ule kwa makini. Denmark si mwanachama wa Jumuiya ya Madola, hivyo Mdenmark hawezi kuugombea. Promota wa Denmark aliipata nafasi ile kwa sababu bondia wake alikuwa mtu wa Uganda. Uganda ilikuwa ikimlipia Kalule hata alipokuwa haishi huko.

Oktoba 24, 1979, Kalule alikwenda Akita, kaskazini mwa Japani, kukutana na Masashi Kudo, aliyeushikilia mkanda wa WBA wa uzito usiozidi kilo 70. Kudo alikuwa mtu mgumu aliyeanzia kwenye mieleka, na hakuwa amewahi kushindwa. Pambano lilikwenda raundi zote 15, na majaji wote watatu walimpa Kalule katika nchi ya Kudo mwenyewe. Uganda ikapata bingwa wake wa kwanza wa dunia wa ngumi za kulipwa. Aliutetea mkanda mara 4, na mara zote 4 ulingo ulikuwa Denmark.

Juni 25, 1981, ndani ya uwanja wa Astrodome mjini Houston, akakutana na Sugar Ray Leonard. Kalule alikuwa amepigana mapambano 36 ya kulipwa na kushinda yote. Kwa raundi kadhaa alimfuata Leonard bila kuchoka, akimbana na kumpiga mwilini, na Leonard alilazimika kutoa kila alichokuwa nacho. Karibu na mwisho wa raundi ya 9 Leonard alimwangusha. Kalule akasimama, lakini mwamuzi akalikatisha pambano, na Leonard akaruka sarakasi katikati ya ulingo kwa furaha. Mshindi huruka hivyo anapokuwa ametoka kwenye shida ya kweli.

Basi sifa ya mkanda wa 1979 igawanywe vipi? Denmark ilimpa Kalule miaka mitatu na nusu, ikamwekea mapambano, ikamlipa, ikamfikisha Akita. Bila Palle hakuna Akita, na anayeipuuza kazi hiyo hajui namna mkanda wa dunia unavyopatikana. Lakini mtu aliyeshuka kwenye ndege Copenhagen alikuwa tayari bingwa wa dunia wa ridhaa. Mguu ulikwisha kujua pa kukaa. Naipa Uganda sehemu kubwa zaidi, na sababu yangu ni moja: ilimhangaikia wakati hakuna aliyejua kama atafika popote. Kuwekeza kwa mtu aliyekwisha kushinda dhahabu mbili ni biashara nzuri. Kumfunga bandeji za mikono mtoto asiyejulikana, jioni baada ya jioni, hakuna faida anayoweza kuihesabu anayefanya hivyo.

Kipimo hicho hakitoi jibu moja kwa kila mtu. Cornelius Boza-Edwards alizaliwa Kampala pia, akawa bingwa wa WBC mwaka 1981, lakini alihamia Uingereza angali mdogo na jina la Edwards alilipata kwa Mwingereza aliyemlea. Huyo Uingereza inaweza kumdai bila aibu. John Mugabi alishinda fedha kwa Uganda katika Olimpiki ya Moscow ya 1980, ndipo akachukuliwa na promota wa London, Mickey Duff. Akapigana na Marvin Hagler mjini Las Vegas mwaka 1986, akapata mkanda wa WBC mwaka 1989, kisha akahamia Australia. Yeye na Kalule ni mkondo mmoja. Na kabla yao wote alikuwepo Battling Nelson, aliyezaliwa Copenhagen mwaka 1882, akapelekwa Marekani akiwa mtoto mchanga, akakulia pembezoni mwa Chicago na kuwa bingwa wa dunia mwanzoni mwa karne ya 20. Wadenmark wanaomdai Kalule kwa sababu aliishi kwao wangelazimika kumwachia Marekani Nelson, na wanaomdai Nelson kwa sababu ya kuzaliwa wangelazimika kumrudisha Kalule Kampala.

Anayenisumbua zaidi ni Kassim Ouma. Alichukuliwa na wapiganaji wa msituni wa NRA akiwa mtoto wa miaka ipatayo sita, akakulia jeshini, na jeshini ndiko alikojifunza ngumi. Mwaka 1998 alikwenda Marekani na timu ya ngumi ya jeshi, akabaki hukohuko. Oktoba 2004 alimshinda Verno Phillips mjini Las Vegas na kuvaa mkanda wa IBF, uzito uleule wa Kalule. Kwa kipimo changu cha miaka ya mwanzo, sifa ingekwenda Uganda. Nasita. Walimfundisha kupiga ngumi, na walimnyang'anya utoto. Sehemu ya sifa ikiwepo, ni ya mwalimu wake wa ngumi, mtu mmoja mmoja, wala si ya jeshi lililompa bunduki kabla hajajua kusoma.

Ouma ndiye anayenirudisha Katumba, kwa sababu anaonyesha kwamba nchi inaweza kumlea mtu na kumzuia kwa wakati mmoja.

Mauaji yaliyoanza Burundi Aprili 1972 yaliwasukuma watu wengi kuvuka mpaka kuingia Kigoma. Serikali ya Tanzania, pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi na shirika la kikristo la TCRS, iliwasogeza ndani ya nchi: Ulyankulu huko Tabora, kisha Katumba, na baadaye Mishamo. Katumba ya wakati ule ilikuwa miombo mitupu na mbung'o. Watu walikata miti, wakachimba visiki, wakapanda mahindi, mihogo na maharage, na tumbaku ya kuuza. Mwaka 1978 makazi yalikabidhiwa kwa serikali, kwa kuwa yalikuwa yakijilisha. Waliopewa hifadhi ndio walioufanya msitu ule kuwa nchi inayolimika, na chakula chao kilifika masoko ya Mpanda. Watoto walizungumza Kirundi jikoni na kusoma kwa Kiswahili shuleni, mtaala uleule wa mtoto wa Songea au Tanga.

Sheria ya wakimbizi ya miaka ya 1960 ilimtaka mkazi awe na kibali ili atoke nje ya makazi, na kibali kilitoka ofisi ya Mkuu wa Makazi. Sasa mchukue kijana wa kubuni, aliyezaliwa Katumba mwaka 1974, mwaka wa Havana. Tuseme ana mkono wa kushoto mzuri. Akiwa na miaka 16 angehitaji kibali kwenda kupigana Tabora. Akishinda, asingeweza kuichezea timu ya taifa ya Tanzania, maana hakuwa raia, wala ya Burundi, nchi aliyoikimbia baba yake na ambayo yeye hajaiona. Timu ya wakimbizi katika Olimpiki ilianza Rio mwaka 2016. Mwaka 2007 wakazi wa makazi yale matatu, watu wapatao 218,000, waliulizwa kama wanataka kurudi Burundi au kuomba uraia wa Tanzania, na wengi sana wakachagua Tanzania. Maombi ya watu zaidi ya 160,000 yalikubaliwa. Walitakiwa kwanza kuukana uraia wa Burundi, na kwa muda walitakiwa pia kuhama kwenda mikoa mingine, mpango ambao baadaye uliachwa. Vyeti vilicheleweshwa. Vilianza kutolewa Oktoba 2014, wakati wa Rais Jakaya Kikwete. Kijana wetu angekipokea cheti chake akiwa na miaka 40. Kwa bondia wa ridhaa, huo si umri wa kuanza.

Nalisema hili kwa moyo mzito, maana naiheshimu Tanzania ya 1972. Nchi maskini ilifungua ardhi yake, na miaka 42 baadaye ikafanya jambo ambalo nchi tajiri hazijathubutu kulifanya kwa watu wengi kiasi hicho kwa mara moja. Sifa hiyo ni ya kweli. Lakini kati ya miaka hiyo miwili kilipita kizazi kizima cha watu wenye umri wa kupigana, kukimbia na kucheza mpira, ambao hakuna bendera iliyowaita.

Baadhi ya watoto wa wakimbizi wa Burundi waliozaliwa katika ardhi hii wameitwa na wengine. Nestory Irankunda alizaliwa Kigoma mwaka 2006 kwa wazazi wa Burundi, akapelekwa Australia akiwa mchanga, na tangu 2024 anaichezea Australia soka. Australia ilimpa viwanja tangu utotoni, na haki yake hainipi shida. Ila Cindy Ngamba ndiye ninayependa kumtaja kwa watu wa Katumba. Alizaliwa Kamerun, akafika Bolton, Uingereza, akiwa na miaka 11, na ngumi alizikuta kwenye klabu ya vijana ya mji huo. Alitwaa ubingwa wa taifa wa Uingereza, akafanya mazoezi Sheffield na timu ya taifa ya nchi hiyo, lakini hakuwa na pasipoti yake. Katika Olimpiki ya Paris ya 2024 alipigana katika timu ya wakimbizi, uzito wa kilo 75, akashinda shaba, medali ya kwanza katika historia ya timu hiyo. Katika jedwali la medali Uingereza haikupata kitu kwa kazi ya Bolton. Bolton ilifanya kazi hiyo hata hivyo.

Ngamba alipata ukumbi na mwalimu, akakosa cheti. Katumba imepata cheti. Kijana aliyezaliwa huko leo anaweza kuandikishwa katika timu ya mkoa wa Katavi, akapanda treni Mpanda bila kibali cha mtu, akachaguliwa timu ya taifa, akaivaa rangi aliyoivaa Michael Yombayomba alipoiletea Tanzania dhahabu ya ngumi ya Jumuiya ya Madola huko Kuala Lumpur mwaka 1998. Anachohitaji sasa ni kile alichopewa Kalule na watu wa Kampala kabla dunia haijamjua: mwalimu anayefika kila jioni, glavu za kutosha watu wawili, na afisa michezo wa halmashauri anayelijua jina lake akiwa bado na miaka 14.